Sufuria Juu ya Kisanduku cha Oltarakwai

Ukitumwa kukagua kisanduku kilichonyamaza, ukafika na kukikuta kizima kabisa, usianze na betri. Angalia kwanza waliosimama karibu nacho wamevaaje. Ukiona mzee amevaa koti lake la kutokea na ameshika mbuzi kwa kamba, basi tatizo umeshalipata, na halimo ndani ya kisanduku.

Mimi ilinichukua muda mrefu kulijua hilo. Nilikuwa fundi wa maji Karatu mpaka nilipostaafu, na miaka yangu ya mwisho kazini ndiyo iliyokuwa ya visanduku. Ninyi vijana mnaoanza sasa mmevikuta vimeshafungwa kila mahali, mnadhani vilizaliwa pamoja na matanki. Mafunzo yake mtapewa na watu wanaojua kuliko mimi. Nitakayowaeleza hapa ni yale yasiyofundishwa darasani, kwa sababu yanahusu pimbi, buibui, tembo na mwanamke mmoja anayeitwa Mama Nashipai.

Kwa asiyejua, kisanduku ni kitu cha ukubwa wa redio ndogo, kilichofungwa juu ya nguzo fupi ya chuma kando ya tanki. Juu kina kioo cha sola. Waya mmoja unakwenda mpaka kwenye mfuniko wa tanki, ambako kuna kihisi kinachopima maji yamefika wapi. Ndani kuna laini ya simu kama hizo zenu, ila hii haimpigii mtu. Inatuma vipimo Arusha, kwenye skrini ya injinia. Vipimo vikifika, doa la kijiji kwenye skrini linabaki la kijani. Kisanduku kikinyamaza siku nzima, doa linakuwa jekundu, na mfumo wenyewe, bila kumuuliza mtu, unatoa safari: fundi fulani, gari fulani, nenda mahali fulani. Kwetu hakuna gari lililoondoka bila mfumo kutoa safari. Shikeni hilo, maana mambo yote yaliyofuata yalitokana na hapo.

Aliyenifundisha kazi, marehemu Mzee Bura, hakuhitaji skrini. Aliokota jiwe akagonga tanki la bati kuanzia chini kwenda juu, na sauti ilipobadilika akaweka alama ya chaki: maji yameishia hapa. Tanki la plastiki alilipapasa kwa mgongo wa mkono jua likishapanda. Penye maji pana ubaridi, pasipo na maji pana joto. Visanduku vilipoletwa alikuwa amebakiza muda mfupi kazini. Aligonga kwanza, akataja kipimo, halafu akaniambia, "Haya, muulize mwenzako." Nikafungua simu. Vikitofautiana, Mzee Bura alikuwa na furaha mpaka jioni.

Na vilitofautiana mara nyingi. Kihisi kile hupeleka sauti isiyosikika kutoka kwenye mfuniko kwenda chini. Sauti ikigonga maji inarudi, nacho kinakadiria umbali. Kwenye tanki moja la juu ya mji wa Karatu, watu walilalamika kwamba mabomba ni makavu, ofisi ikawajibu kwamba tanki limejaa, tena limejaa kuliko linavyoweza kujaa. Mama mmoja alikuja ofisini na ndoo tupu, akaiweka mezani, akaomba ajaziwe kutoka kwenye skrini. Nikapanda tanki. Nilipofungua mfuniko nikamkuta buibui ametandaza utando wake chini tu ya kihisi. Sauti ilikuwa inamgonga yeye na kurudi. Muda wote ule tulikuwa tunapima buibui.

Kwa hiyo kila ukifungua mfuniko, futa uso wa kihisi kwa kitambaa laini kikavu, si kile ulichofutia oili. Na kioo cha sola ukikikuta kina alama za miguu midogo na mavi makavu, hao ni pimbi. Wanapenda kuota jua pale. Kipachike kwa mteremko mkali. Sisi tulipofanya hivyo walipanda, wakateleza, wakapanda tena, wakateleza, wakakaa chini kututazama kwa chuki, kisha wakahamia kwenye bati la shule.

Baadaye zikaja picha za setilaiti. Huo ulikuwa mfumo mwingine. Ulikaa ofisi ileile, lakini haukuwa na habari na visanduku, wala visanduku havikuwa na habari nao. Wenyewe ulitazama ardhi kutoka juu, kando ya mabomba yetu, na wakati wa kiangazi ukiona doa la rangi ngeni ulisema kuna jambo, ukatoa safari. Safari yangu ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa Buger. Mashamba yote yalikuwa yamekauka isipokuwa bustani moja ya kabichi, juu kabisa ya bomba letu, kabichi za kupeleka kwenye maonyesho. Mwenyewe alinitazama nikishuka garini na sururu.

"Nani kakuambia?"

"Umeonekana kutoka juu."

Akageukia mlimani. "Juu wapi?"

Nikamwonyesha mbingu. Akazitazama kabichi zake, akaitazama mbingu, akavua kofia.

Tukaziba bomba. Kiangazi kilichofuata nikapita tena nikakuta kabichi nyingine palepale, zimefunikwa vizuri kwa mabua makavu ya mahindi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa je? Bado ananiona?"

Kisa hicho nilimsimulia Mama Nashipai tukinywa chai, akacheka mpaka akajishika goti. Sikujua kwamba alikuwa anakiweka akiba.

Oltarakwai ni kijiji cha wafugaji wa Kimaasai huko juu Ngorongoro. Unapita geti, unapanda msitu, unazunguka ukingo wa kreta, halafu unaacha barabara kuu na kufuata njia ambayo gari na ng'ombe hupishana kwa heshima. Maji yao yanatoka kwenye chemchemi ya msituni, yanashuka kwa bomba mpaka kwenye tanki, kisha kwenye mbauti za kunyweshea ng'ombe. Kabla ya kisanduku, tembo akikata bomba huko msituni, habari ilifika Karatu kwa miguu. Wakati ikiwa njiani, ng'ombe walipelekwa kwenye maji ya mbali, na ndama wasioiweza safari hiyo hawakurudi. Mama Nashipai, mwenyekiti wa kamati ya maji, alishapoteza ndama kwa namna hiyo zaidi ya mara moja. Ndiyo maana alikipenda kisanduku kuliko sisi tuliokifunga. Alikitengenezea mkanda wa shanga, akaufunga kwenye nguzo yake mahali ambapo pangekuwa shingo.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu kati ya visanduku vyetu vyote, hicho kilichopendwa ndicho kilichonyamaza kuliko vingine. Nikitumwa, nakikuta kizima. Chai iko tayari, watu wamenawa, na Mama Nashipai ananiuliza swali lilelile.

"Fundi Amsi, gari linarudi tupu?"

"Linarudi tupu, yeyoo," namjibu, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Basi kuna mzee anaumwa jino."

Mwenye jino alikuwa Mzee Lemayani, aliyevaa koti la kutokea na kushika mbuzi. Sikuwahi kumuuliza mbuzi anaumwa nini. Nilibadilisha betri, nikabadilisha laini, nikabadilisha antena, mwishowe nikabadilisha kisanduku chote, na kipya kikaugua ugonjwa wa kile cha zamani. Injinia wetu wa Arusha, Doreen, dada makini asiyependa kubahatisha, akachora mchoro na kugundua kwamba kisanduku hunyamaza siku chache kabla ya mnada wa Karatu.

"Fundi," alisema kwenye simu, "huenda siku hizo mtandao unaelemewa na simu za wanunuzi wa ng'ombe."

Nikakubali mara moja. Lilikuwa jibu zuri, na halikunitaka nipande mlima.

Siku moja ujumbe wa safari ulinikuta niko kijiji jirani. Badala ya kwenda kesho yake kutoka Karatu, nilikata njia ya ng'ombe nikafika Oltarakwai kwa upande wa nyuma, ambako hakuna aliyezoea kusikia gari. Mama Nashipai alikuwa ameketi chini ya nguzo akitunga shanga. Juu ya kisanduku, imefunikwa kama kofia, palikuwa na sufuria kubwa ya alumini.

Aliponiona alikunja uso, si kwa aibu, bali kwa kero.

"Mbona umewahi? Watu hawajavaa!"

"Takwenya, yeyoo," nikamsalimia Kimaasai.

"Iko. Sasa wewe Mmbulu, mtu hatoi taarifa? Tukuandalie nini?"

"Hiyo sufuria inafanya nini hapo?"

"Inakuita wewe."

Akanieleza bila kuficha kitu. Mwanzoni kabisa mama mmoja aliosha sufuria akaiweka pale ikauke, kwa kuwa nguzo ilikuwa na kimo kizuri. Kesho yake gari likaja, na mgonjwa aliyekuwa ameshindwa kutembea akapata lifti mpaka hospitali Karatu. Watu wakawaza. Wakaweka sufuria tena, gari likaja. Wakaweka beseni la plastiki, halikuja. Wakaweka ndoo ya plastiki, halikuja. Wakarudisha sufuria, likaja; alumini huzuia mawimbi ya simu, plastiki haizuii. Kamati ya maji ikakaa na kuunda kamati ndogo, kwa sababu maombi yalikuwa mengi na gari lilikuwa moja. Zikatengwa sufuria mbili, kubwa ya wagonjwa na ndogo ya mnada.

"Lakini huko Arusha," nilimwambia, "zote mbili zinaonekana sawa. Ni kimya tu."

"Hilo ni tatizo la Arusha. Mgonjwa afunikiwe sufuria ndogo? Watu watasema nini?"

Nilimpigia Injinia Doreen palepale nikamweleza ukweli wote. Alikaa kimya kiasi kwamba nilidhani na yeye amefunikwa.

"Nimekuelewa," alisema mwishowe. "Lakini nijaze nini? Mfumo unataka sababu."

"Sababu zipo zipi?"

"Betri, laini, mnara, radi, wanyama."

"Sufuria haimo?"

"Haimo."

Akachagua wanyama, kwa kuwa ndio waliokaribia. Akaenda mbali zaidi, akarudi nyuma kwenye vipindi vyote vya kimya vilivyopita na kuvibadilisha sababu, ili rekodi ziwe za kweli kadiri zilivyoruhusiwa kuwa. Mfumo ulipoona wanyama wameshambulia kisanduku kimoja kila mnada unapokaribia, ukashtuka. Ukakiwekea alama: kifaa kinachotiliwa shaka. Kisha mkuu wa mradi akaamua kwamba mahali penye wanyama wakali namna ile hapafai, na kwamba kikinyamaza mara moja zaidi kitang'olewa na kupelekwa Buger.

Nikapanda kumwambia Mama Nashipai. Siku hiyo hakuuliza kama gari linarudi tupu.

"Wakikiondoa," alisema, "bomba likikatika nani atajua?"

"Itakuwa kama zamani."

"Ndama zangu za zamani unazikumbuka?"

"Nazikumbuka."

Akaagiza sufuria zote mbili ziletwe. Ile ndogo akampa mke wa Mzee Lemayani apikie. Ile kubwa akaenda nayo mwenyewe nyumbani, ikiwa chini ya mkono. Tangu siku hiyo kisanduku cha Oltarakwai hakikunyamaza hata kidogo. Mzee Lemayani alikwenda mnadani kwa miguu na jino lake likapona.

Ndipo tembo walipokata bomba.

Ilikuwa kiangazi kikali, nao walisikia maji yakipita ardhini, wakalifukua bomba na kulivuta kama mtu anayevuta mzizi wa muhogo. Tanki likaanza kushuka. Kisanduku kikafanya kazi yake bila kosa: kikatuma kwamba maji yamepungua, kwamba maji yamepungua zaidi, kwamba hakuna maji. Vipimo vyote vilifika Arusha, na mfumo ukavipokea, ukaviwekea alama ya shaka, ukaviweka pembeni. Kwa kuwa kisanduku hakikunyamaza, haukutoa safari ya ukimya. Kwa kuwa hakiaminiki, haukutoa safari ya ukame.

Mama Nashipai akapiga simu ofisini. Mpokea simu akamuuliza jina la kijiji, akatazama skrini, akamwambia kwa upole kwamba taarifa hiyo wanayo tayari na kwamba si ya kuaminika. Mama akasema yeye ndiye aliyesimama mbele ya tanki. Mpokea simu akasema atalizingatia.

Akanipigia mimi. Nilikuwa Mang'ola, kwenye mifereji ya vitunguu, na gari lilikuwa limefungiwa safari ya huko.

"Tufunike sufuria?" aliuliza.

"Msithubutu. Ikifunikwa, kinang'olewa."

"Na isipofunikwa hamji."

"Hatuji."

Nikamsikia anapumua. "Ule mfumo mwingine. Wa mtu wa kabichi. Nao unakitilia shaka kisanduku?"

"Ule haukijui kisanduku."

"Unaona nini?"

"Rangi tu, yeyoo. Rangi isiyo ya kawaida kando ya bomba."

"Sawa," alisema, akakata simu.

Siku zilizofuata nilimsumbua Injinia Doreen kila nilipopata mtandao, naye alimsumbua mkuu wake. Hatimaye safari ya Oltarakwai ikatoka. Nikaifungua kwa furaha nikasoma: kuondoa kifaa. Mfumo ulikuwa umechoka kupokea vipimo usivyoviamini, ukapendekeza mwenyewe chanzo cha usumbufu kiondolewe, na mkuu akakubali. Hiyo ndiyo safari pekee iliyopatikana. Nikapakia spana na vipande vya bomba nilivyokuwa navyo, nikaondoka.

Juu kulikuwa na ukungu mzito, ule wa Ngorongoro ambao taa za gari zinauangazia wenyewe tu. Nilipofika karibu na tanki mtu akatokea ukunguni akagonga kioo. Alikuwa Mzee Lemayani. Alivaa sweta la shule la bluu, mikono imeishia kwenye viwiko, na fimbo yake mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usicheke. Ni la mjukuu wa darasa la tatu." Akapanda kiti cha mbele. "Funga mlango, joto linatoka."

Nyuma yake walitokea wengine. Mwenyekiti wa kijiji alivaa pazia lenye maua. Vijana walivaa jezi za mpira za timu zisizopatana. Mmoja alivaa joho la kwaya. Kina mama walijifunga blanketi, na mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, alikaa ndani ya gunia la mbolea lililotobolewa matundu, akiwa na heshima yake yote. Sikuona shuka hata moja. Niliziona baadaye, nilipopanda juu ya tanki. Zilikuwa mteremkoni, kando ya bomba, zimetandazwa moja baada ya nyingine na kubanwa kwa mawe, nyekundu tupu, za kijiji kizima, eneo kubwa kuliko uwanja wa shule.

Mama Nashipai alikuwa amevaa koti la mvua la mtoto wake wa kiume.

"Ameshapita?" aliuliza.

"Nani?"

"Wa juu."

"Anapita, yeyoo. Ila kwenye ukungu haoni."

Wote wakanigeukia.

"Ulisema anaona rangi."

"Anaona rangi kama hakuna ukungu."

"Ukungu hukuutaja."

"Sikuutaja."

"Fundi," alisema polepole, "unakuja Ngorongoro, unakaa kwangu, unakunywa chai yangu, unanieleza habari za jicho la mbinguni, halafu unasahau kutaja ukungu? Tumekaa na baridi tangu juzi! Mzee yule yuko kwenye gunia!"

Nikachukua jiwe nikaligonga tanki kuanzia chini kwenda juu. Sauti haikubadilika popote. Nikafungua simu: kisanduku kilisema tupu. Kwa mara ya kwanza jiwe na kisanduku vilikubaliana bila hata tofauti ya kidole. Mzee Bura angehuzunika.

Mama Nashipai aliiona spana mkononi mwangu akaelewa. Akaenda kwenye nguzo, akafungua mkanda wa shanga, akaukunja kiganjani.

"Hizi ni zangu," alisema. "Hicho kingine chukua."

Nyuma yake, kwenye mbauti kavu, ndama walikuwa wanalamba saruji. Nikaisoma tena safari yangu. Iliandikwa kuondoa kifaa. Haikuandikwa saa ngapi. Nikairudisha spana kwenye boksi lake, nikawaambia wenye jezi tuondoke kwenda msituni.

Bomba lilikuwa limeharibiwa kuliko nilivyofikiri. Vipande vyangu viliziba nusu tu ya kazi. Tulipokuwa tunarudi, upepo ukapiga, ukungu ukainuka wote kwa pamoja kama mtu amevuta blanketi, na jua likaumwagikia ule mteremko. Hata mimi niliyejua ni nguo nilisimama. Muda si mrefu baada ya hapo simu yangu ikaita.

"Fundi, uko wapi?" Alikuwa Injinia Doreen.

"Niko kwenye tanki."

"Toka hapo! Mlima unawaka! Picha imeingia sasa hivi, mteremko wote ni mwekundu!"

"Hauwaki, Injinia. Ni nguo."

"Nguo za nani?"

"Za watu wote."

"Kwa nini watu wote wamevua nguo?"

"Kwa sababu hamkuja."

Alielewa, na nilimsikia akipiga kelele ofisini kwamba hakuna moto. Lakini mfumo wa picha ulikuwa umeshatoa safari na kutangaza moto kwa ofisi zote, na ukishatoa haurudishi. Walianza kufika askari wa wanyamapori na mapanga ya kufyekea njia ya moto. Likafuata gari la halmashauri na maofisa wake. Likaja gari la mradi na mkuu mwenyewe ndani. Halafu, likinguruma kwenye njia ya ng'ombe, likaja gari la zimamoto kutoka Karatu, jekundu kama shuka zetu. Na nyuma ya wote, magari ya watalii. Madereva waliona msafara unaharakisha upande mmoja, wakadhani kuna simba, wakaufuata. Mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Mama, wako wapi?"

"Akina nani?"

"Simba."

"Hakuna simba. Kuna masweta."

Mkuu wa zimamoto akashuka akiwa amevaa kofia yake ya chuma. "Moto uko wapi?"

Mama Nashipai alikuwa analitazama gari. Alilizunguka, akaligonga ubavuni kwa fundo la kidole, kuanzia chini kwenda juu, akasikiliza.

"Limejaa," alisema.

"Bila shaka limejaa. Ni la zimamoto."

"Mbauti ziko kule."

Yule bwana aliutazama mteremko usiowaka, akawatazama ndama, akamtazama mzee aliye kwenye gunia. Kisha akaamuru mpira ufunguliwe. Mbauti zikajaa kwa kishindo, ng'ombe wakaja mbio wakilia, na watalii wakapiga picha za gari la zimamoto linalonywesha ng'ombe huku wazimamoto wakiwa wamevaa kofia zao. Kabla ya kuondoka mkuu wa zimamoto alitakiwa kutuma taarifa kwao, maana na wao wana mfumo. Alifikiri kidogo, akatuma: umezimwa.

Mkuu wa mradi alisimama mbele ya tanki tupu muda mrefu, simu mkononi ikimwonyesha tupu. Mara mbili aliifunga na kuifungua, ikamwambia ukweli uleule. Hakusema neno juu ya kung'oa kitu. Akauliza mabomba mangapi yanahitajika, nikamwambia. Yalifika na gari lililofuata, tukalifukia bomba chini zaidi, na maji yakashuka. Siku ileile ya msafara ilikuwa mkesha wa mnada, na magari yote yalikuwa yanarudi tupu. Mama Nashipai aliyapanga mwenyewe: wagonjwa kwa halmashauri, wazee kwa watalii, mbuzi juu ya zimamoto. Aliposimama kuwapungia nilimsikia akimwambia mwenzake, "Sufuria ililetaga moja tu."

Injinia Doreen aliongeza sababu moja kwenye mfumo, usafiri, na kupigania jambo ambalo lingefaa tangu mwanzo: gari la mradi lipite Oltarakwai kila mkesha wa mnada, kisanduku kiwe kizima au kibovu. Alama ya shaka ikafutwa. Shanga zikarudi kwenye nguzo.

Nilipostaafu walinipa zawadi ile sufuria kubwa. Mama Nashipai alinikabidhi mbele ya watu, akasema nisiipikie.

Sikumwelewa mpaka juzi. Magoti yangu sasa hayaniruhusu kupanda pikipiki, na habari zilinifikia kwamba tanki la Oltarakwai limeongezwa la pili. Nilitamani kuliona. Nikakaa, nikawaza, nikakumbuka kwamba karibu na mnada gari la mradi huwa linapanda. Nikakumbuka pia kwamba mtaani kwetu kuna tanki, na kando ya tanki kuna nguzo fupi ya chuma.

Gari lilikuja. Akashuka fundi mpya, binti ambaye sikuwahi kufanya naye kazi. Akafungua kisanduku, akapima betri, akakagua laini, akafuta kihisi kwa kitambaa laini kikavu, nikafurahi. Kilikuwa kizima. Akageuka akaniona nimesimama pembeni na koti langu la kutokea, sufuria chini ya mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Gari linapanda juu?"

Aliitazama sufuria. Akalitazama koti. Kisha akatoa simu yake, akashuka na kidole mpaka mwisho wa zile sababu, akabonyeza, bila kuniuliza ni ipi.

"Panda mbele, mzee," alisema. "Na ufunge mlango, huko kuna baridi."